Utetezi wa Mbuzi

Tratatata, tratatata. Aliyekuwa barazani angedhani ni cherehani tu inayokimbizana na kitambaa. Lakini chini ya mlio huo ilipita sauti nyingine, nyembamba, iliyokuwa ikighani beti.

Fundi aliigundua siku uzi ulipokatika. Mashine ikanyamaza, na ile sauti nayo ikakatika katikati ya neno. Akainama, akafunua kitambaa kilichoning'inia mezani. Bintiye wa miaka tisa alikuwa amejikunja miguuni pake, karatasi mkononi, macho yamemtoka pima.

"Kumbe ni wewe! Nami nikadhani mashine imepandwa na pepo."

"Nafanya mazoezi, mama," mtoto akanong'ona.

Nyumbani walimwita Pamba, maana hata neno likimdondoka halikutoa kishindo. Shuleni, mwalimu wa maigizo alimpa nafasi ya mbuzi kwa kumwonea huruma: atalia mee mara mbili, aende zake. Ila mwalimu huyo huyo alishindwa kuizuia kalamu yake. Akamwandikia mbuzi ubeti mzima wa kujitetea mbele ya hakimu, tena wa vina na mizani.

"Sasa mazoezi gani ya chini ya meza?"

"Mashine ikipiga kelele, hakuna anayenisikia. Hapo ndipo nasema vizuri."

Fundi akacheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. "Mtu anasema vizuri pale tu asiposikika! Hilo umelitoa kwa baba yako."

Pamba hakucheka. "Bibi atakuja. Atakaa mbele kabisa."

Hapo mama akaziokota pini zake bila kucheka tena. Bibi alikuwa mzito wa masikio miaka mingi, na kwa mapenzi yake yote alikuwa hajapata kusikia hata neno moja la mjukuu wake. Majirani aliwaambia, "Mjukuu wangu mzuri, ila anachezesha midomo tu kama samaki." Pamba alitaka asikike na bibi yake, hata mara moja.

Siku ya mchezo, fundi aliibeba cherehani yake ndogo ya mkono hadi shuleni. Akamwambia kila aliyeuliza kwamba ni ya dharura, nguo zikichanika. Akajibanza nayo nyuma ya pazia.

Ukumbi ulijaa. Pamba alisimama na pembe zake za karatasi ngumu, moja imemwangukia jichoni. Hakimu, mtoto wa kinyozi, akagonga meza. "Mbuzi! Unashtakiwa kwa kula kofia ya mfalme. Jitetee!"

Mbuzi akautazama mlango.

Mara nyuma ya pazia: tratatata. Mabega ya Pamba yakashuka, midomo ikaanza kwenda. Alikuwa kwenye mstari wa pili sauti ya mwalimu mkuu ilipovuma nyuma ya pazia:

"Mama! Watu wako kwenye mchezo, wewe unashona?"

"Napiga pindo kidogo, mwalimu."

"Pindo la nini? Mbona hakuna hata kitambaa!"

Mashine ikasimama. Ukumbi ukaangua kicheko, kisha ukatulia. Na katika utulivu ule Bibi, akidhani ananong'ona, akapaza sauti:

"Ameshaanza?"

"Ameanza, Bibi. Yule mwenye pembe," jirani yake akamjibu sikioni.

"Mbona simsikii?"

Masikio ya Pamba yakawaka moto. Mlango ulikuwa hatua tatu tu. Lakini alipomwona bibi yake amenyoosha shingo, kiganja nyuma ya sikio, hasira ikampanda. Mistari miwili mizuri imepotea bure! Akaisukuma pembe juu, akasogea mpaka ukingoni mwa jukwaa, akaanza upya kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakujua aliificha wapi:

"Mheshimiwa hakimu, mimi mbuzi nasimama,
Ni uongo wa kudumu, huu wanaousema,
Kofia yenu si tamu, wala ladha yake njema,
Nimeonja kwa nidhamu, na upesi nikatema!"

"Kala!" Bibi akaruka kitini. "Kala huyo, kakiri mwenyewe! Mfungeni!"

Watu walicheka mpaka hakimu akasahau hukumu. Pamba akasubiri wamalize, kisha akalia mee moja ndefu ambayo haikuwa imeandikwa popote.

Baadaye, viti vikikunjwa, Bibi alimshika kidevu. "Kumbe una sauti! Tena ya shangazi yako, Mungu atunusuru."

"Umesikia yote, Bibi?"

"Yote. Ila nina kesi nawe. Miaka yote hii unaniambia mambo, nami naitikia ndiyo, ndiyo, kwa kubahatisha. Ulikuwa unaniambia nini?"

Pamba akavuta pumzi. Sauti yake ikamgeuza mwalimu mkuu, ikamgeuza na mama aliyekuwa na cherehani kichwani:

"Kesho nikitoka shule nakuja kwako, Bibi! Nitakuambia yote upya, tangu mwanzo, hata nani aliyevunja kikombe chako cha maua. Nakuahidi!"