Chuma cha Pajani

Mume wangu wanamwita Sikio. Si kwa sababu ana masikio makubwa, ingawa anayo, bali kwa sababu anatafuta riziki kwa kusikiliza. Huvaa hedifoni, hushika mashine yenye sahani mwishoni, huingia mtoni maji yakimfika magotini, na kupitisha ile sahani juu ya mchanga taratibu kama mtu anayepiga deki. Mashine ikilia, anainama na kuchota kwa beleshi lenye matundu. Maji yanachuruzika, mchanga unayafuata, na kinachobaki ni mali ya mkoloni: senti yenye tundu katikati, kifungo cha koti la askari, kichwa cha shaba cha bakora ya bwana fulani.

"Mkoloni aliondoka," Sikio hupenda kuwaambia watu, "lakini mifuko yake ilikuwa imetoboka."

Watu hucheka. Mimi pia nilikuwa nikicheka, kabla mto haujamchukua mwanangu.

Hapa kwetu mto unatanuka na kina kinapungua, ndiyo maana wapagazi na askari wa zamani walivukia hapa, na ndiyo maana mwanangu naye alivukia hapa akitoka kazini. Alikuwa mchomeleaji wa mageti na madirisha. Siku ile mvua ilikuwa imenyesha milimani na maji yalikuwa yamepanda. Watu wa ng'ambo walimwona akifika katikati, wakaona mguu wa kushoto unamkatalia, wakamwona anakwenda na maji. Mguu ule ulikuwa na chuma. Aliwahi kuanguka na pikipiki, na hospitali wakamtia fimbo ya chuma ndani ya mfupa wa paja, ndefu kama mkono wangu kutoka kiwikoni hadi ncha za vidole. Walimwambia akishapona arudi waitoe. Kila mwaka aliahidi kwamba atakwenda.

"Achana nacho, mama," alikuwa akinitania. "Mchomeleaji gani asiye na chuma chake mwenyewe?"

Mwili haukupatikana. Tulipekua vichaka vya kingoni, tukageuza magogo. Polisi walikuja, wakayatazama maji, wakaondoka. Majirani waliniambia uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, kisha wakakaa kunifundisha namna ya kuuona huo uchungu. Niliwaacha waseme. Nilitaka kitu kimoja tu, kumzika mwanangu. Wala sikutaka mwili mzima, sijawa mwendawazimu. Mfupa mmoja wenye chuma ndani yake ulinitosha kuchimbia kaburi.

Na mtu pekee mwenye mashine ya kusikia chuma chini ya maji nilikuwa nalala naye kitanda kimoja. Hapo ndipo nilipojishikiza.

"Nitamtafuta, mama," Sikio aliniambia maji yalipopungua. "Naanzia kivukoni, nashuka na mto kona kwa kona, mpaka mvua zirudi."

Mvua zikirudi mto huhamisha mchanga wake, na kilichokuwa hapa leo hakuna ajuaye kesho kitakuwa wapi. Kwa hiyo kiangazi ndicho kilichokuwa muda wetu, na nilikitazama kikiisha kama mtu anayetazama unga ukipungua kwenye debe. Asubuhi Sikio alitoka na mashine. Mchana nilimpelekea chakula, nikakaa kwenye jiwe kumwangalia akipiga deki mto. Jioni nilimuuliza, "Vipi?" naye akatikisa kichwa, akatoa senti mfukoni na kuzitumbukiza kwenye sufuria la maji na majivu ili zitakate. Nilianza kuzichukia zile senti. Senti za mfalme wa watu zimelala mtoni tangu enzi za bibi yangu na zinapatikana. Mwanangu wa juzi hapatikani!

Kiangazi kilipokaribia kwisha akaja mnunuzi wa vitu vya kale. Ni mtu mpole, huvaa viatu vyeupe na kuvihurumia kila akipita uani kwetu. Alizigeuza senti moja moja, akazisifu, kisha akainyanyua mashine na kuichunguza.

"Ndiyo maana unapata vitu safi, mzee," alisema. "Umeiziba isisikie chuma."

Nilikuwa nammiminia chai. Nikaacha kumimina.

"Ameizibaje?"

"Kwa hiki kidude, mama." Akanionyesha, maskini, akidhani nataka kujifunza. "Ukikizungusha mpaka hapa, mashine hailii kwa misumari, makopo, wala nondo. Inalia kwa shaba na fedha tu. Mto huu umejaa takataka za chuma, bila hivyo mtu angepata kichaa."

Sikio alikuwa anasugua senti kwa kidole gumba. Hakuinua macho.

Wanaonijua wangeshangaa, kwa maana sikupiga kelele. Nilimaliza kumimina, nikasubiri mgeni anywe, ahesabiane na mume wangu, aage. Nilikuwa najiambia kwamba mimi si fundi. Pengine chuma cha hospitali si chuma cha msumari, pengine kinalia. Njia ya kujua ilikuwa moja, nayo ilikuwa imeketi barazani inashona soli.

Fundi viatu ni jirani yetu, tunagawana naye baraza. Yeye aligongwa na lori, na hospitali ileile ikamtia fimbo ileile pajani. Yeye na mwanangu walikuwa wakiitana pacha.

"Jirani," nikamwambia, "lala chini."

"Hapa? Mbele ya mumeo?"

"Lala. Nina shida na paja lako."

Alicheka mpaka akamwaga gundi. "Shemeji, haya maneno ungeyasema zamani, nikiwa bado na nguvu!" Kisha akaniona uso. Akasogeza viatu vya watu na kujinyoosha kwenye sakafu.

Nilichomoa hedifoni ili wote tusikie. Nikapitisha sahani juu ya paja lake. Kimya. Nikapitisha tena, karibu kabisa na suruali. Kimya. Nikachukua senti kwenye sufuria, nikaiweka juu ya goti lake, na mashine ikapiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Nikaiondoa. Kimya.

Basi nikakizungusha kile kidude nyuma mpaka mwisho, nikapitisha kwa mara nyingine. Mashine ikaguna. Ilikuwa sauti nzito ya chini, na ilifuata urefu wote wa paja, kutoka nyongani hadi gotini.

"Kumbe naimba," fundi viatu alisema. Halafu akaelewa, na mkono ukaenda mdomoni.

Nikamgeukia Sikio. Nilitegemea kumwona ameshika kichwa, analia, anaapa kwamba alisahau. Angefanya hivyo ningemsamehe, kwani nani hasahau? Lakini alikuwa ameketi mlangoni na senti yake, ananitazama kwa utulivu, kama mtu aliyefikiwa na mgeni aliyekuwa akimtarajia.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Siku ya kwanza niliiacha wazi, mama watoto. Kona ya kwanza chini ya kivuko, ikaguna. Nikapitisha huku, nikapitisha huku, kitu kirefu." Akaonyesha urefu kwa mikono, nami nikaujua. "Nikashika beleshi. Nikashindwa. Labda ni bomba, labda ni nondo, sikuchimba. Nikakizungusha kile kidude, ikanyamaza."

"Na kiangazi chote nimekaa pale juani nakuangalia!"

"Nikimtoa, basi, amekufa," alisema. "Sijamtoa, bado hajafika nyumbani tu."

Mtu mzima, mwenye mvi, ananiambia hivyo. Jina lake Sikio, na kweli sikio la kufa halisikii dawa. Nilimshika shati nikamwinua.

"Nionyeshe."

Tulikwenda vilevile, yeye mbele, mimi na mashine, fundi viatu akichechemea nyuma yetu. Juu milimani mbingu ilikuwa nyeusi. Maji yalikuwa yameshabadilika rangi, mekundu ya udongo, na povu linapita katikati. Sikio akasimama kwenye kona ya kwanza.

"Hapa. Kati ya jiwe na ule mzizi."

Niliingia na nguo zangu. Mashine ikaguna, nikachimba, nikatoa kopo. Ikaguna, nikatoa msumari wa reli. Ikaguna, pingu ya mnyororo, labda ya wapagazi, labda ya mbwa. Kila nilipoweka sahani iliguna. Mto mzima ulikuwa chuma.

"Ni hapa au ni pale?"

"Ilikuwa hapa." Alikuwa ameingia naye, anachimba kwa mikono, analia sasa, baada ya kila kitu. "Au pale. Mchanga umehama, mama. Sijui. Sijui."

Maji yakafika kiunoni. Fundi viatu alikuwa anapiga kelele kutoka kingoni kwamba mto unajaa, tutoke, tutoke. Sikio alinivuta nguo nami nikampiga kwa beleshi. Hakuniachia. Alinikokota mpaka kwenye majani, na muda mfupi baadaye lile jiwe halikuonekana tena.

Mvua ile ilikaa. Ulipopungua mto, kona haikuwa kona tena. Maji yalikuwa yamekata ng'ambo na kuacha changarawe tupu. Sikio huenda huko kila siku, mashine ikiwa wazi, hajali tena shaba wala fedha. Jioni anarudi na ndoo ya misumari, anaimwaga uani, anachambua kipande kwa kipande. Mnunuzi wa vitu vya kale hajaonekana tena. Sikumwacha mume wangu, lakini sijamsamehe, na sidhani kama nitamsamehe. Namwekea chakula. Tunalala, kila mtu amegeukia upande wake.

Kaburi halipo. Watu wakiniuliza mwanangu amelala wapi, sina cha kuwaonyesha.

Lakini kuna jioni Sikio akishaegesha mashine ukutani, naichukua na kutoka nayo barazani. Fundi viatu akiniona anaweka kiatu pembeni, anajinyoosha sakafuni bila neno. Siku hizi hanitanii. Navaa hedifoni, napitisha sahani juu ya paja lake, nayo inaguna, nzito, ndefu, kutoka nyongani hadi gotini. Narudia. Nasimama hapo nikisikiliza, mpaka anaponigusa mguu kwa upole na kuniambia kwamba mgongo unamuuma.