Fremu ya Babu na Fremu ya Maurits

Babu yangu Odiel na rafiki yake Maurits waliendesha baiskeli pamoja kila Jumapili kwa miaka thelathini na minane, na katika muda huo hawakugombana kwa jambo lolote kubwa. Waligombania mambo madogo tu, kama vile siasa, dini, na ni nani aliyempenda Bibi Irma kwanza. Kisha Maurits akanunua fremu mpya.

Zamani fremu zao zilikuwa pacha. Walizinunua siku moja, miaka kumi na saba iliyopita: kaboni nyeusi, mirija myembamba ya duara, breki zinazobana rimu, na waya zikining'inia mbele ya usukani kama masharubu ya kambale. Mwezi Machi mlango wa gereji ulimponyoka Maurits na kuiangukia ya kwake, ikapasuka. Alikwenda dukani, akarudi na kitu kingine kabisa. Mirija yake ni bapa, breki ni za diski, tairi ni nene, na waya zote zimezama ndani, hivi kwamba kubadilisha mmoja ni kazi ya siku nzima na fundi wake awe na subira ya mtawa. Ukiitazama kutoka huku ni ya kijani, ukienda kule ni zambarau.

"Umenunua mende, Maurits," Babu akamwambia.

Wakazitundika zote mbili kwenye mizani ya mchinjaji. Ya Babu, kuukuu, ilikuwa na kilo sita na gramu mia tisa. Ya Maurits, mpya, ilikuwa na kilo saba na gramu mia sita. Babu alicheka wiki nzima. Aliwahadithia wateja wote wa baa ya Marleen, na waliokwisha kusikia akawahadithia tena.

Ikafika Jumapili. Kilima chetu, Kwakkelberg, kimetandikwa mawe tangu enzi za farasi, na mawe hayo hayasomi mizani. Fremu ya Babu ilirukaruka juu yake kama njegere kwenye kikaango. Mende akapita kimyakimya na tairi zake nene, akafika kileleni, na huko Maurits akamsubiri mwenzake. Kusubiri si kosa. Kosa ni kwamba alitazama saa. Kwetu hapa Flandria, Ubelgiji, unaweza kumtukana mtu ukoo wake, kwa kiasi, na jioni mkanywa bia pamoja. Lakini ukiwa unamsubiri mtu kileleni, unatazama ng'ombe au mawingu, hata viatu vyako ukitaka. Saa hutazami.

Babu akasema baiskeli ile inajiendesha yenyewe. Maurits akajibu kwamba afadhali ya kwake inaendeshwa na kitu, kuliko ya Babu isiyoendeshwa na chochote. Tangu siku hiyo kila mmoja akawa anatoka peke yake, huyu saa mbili asubuhi, yule saa tatu, na wakipishana njiani wanainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, salamu wanayopewa wageni kutoka Uholanzi.

Mimi husoma shule ya bweni, hivyo habari hizi nilizipata kwa mafungu, kila Ijumaa nirudipo. Jumapili ya tatu Babu hakutoka kabisa. Alisema mvua itanyesha. Mtu huyu alimwoa Bibi Irma muda wa saa tano tu baada ya kumaliza mashindano kwenye mvua ya mawe. Alikaa dirishani na kuuliza bei ya kulabu za kutundikia baiskeli ukutani.

Bibi akaniita jikoni. "Fien," akasema, "uzee huanza na baiskeli ukutani. Kisha huja blanketi magotini. Wewe unajifanya una akili, haya, itumie."

Niliwahi kuwaaminisha wasichana ishirini bwenini kwamba supu ya Jumanne hurefusha kope. Wazee wawili hawakunitisha. Nilimwandikia kila mmoja barua rasmi, nikimwalika kwenye Uchunguzi wa Kulinganisha Fremu, Jumamosi saa tatu asubuhi, gerejini kwetu, na katika kila barua nikaongeza kwamba mwenzake amekwisha kukubali na ana uhakika wa kushinda. Wote wawili walifika saa mbili na nusu, baiskeli zao zimefutwa hadi zinang'aa, wakasalimiana kwa kuinua kidole.

Niliwasomea masharti kwa sauti ya mwalimu mkuu. Macho yafungwe kwa vitambaa vya jikoni. Mikono ishike katikati ya usukani tu, ili breki zisitoe siri. Kiti kiwe kimoja kwa zote, kwa ajili ya haki. Baiskeli ya kwanza nitaifunga kwenye ile mashine ambayo Babu hukanyagia mazoezi gerejini majira ya baridi, kila mmoja aiendeshe dakika tano, kisha nifunge ya pili. Kila mtu aninong'oneze sikioni ni ya nani. Walikubali mara moja. Tako la mwendeshaji, Babu alisema, halidanganyiki.

Hakuna aliyeuliza jambo moja dogo: mashine ile haiendi popote. Haina mawe, haina kona wala upepo, kwa hiyo fremu iliyofungwa pale haina la kusema, kama shahidi aliyekuwa amelala wakati wa tukio.

Na hata fremu zao hazikuwepo. Nilipokwisha kuwafunga macho, nilizitoa nje nikaziegemeza kwenye banda la kuku. Juu ya mashine nikaweka ya kwangu, ya alumini, rangi ya haradali, niliyorithi kwa binamu. Hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza. Ya pili ilikuwa hiyohiyo. Katikati nilitumia dakika saba kugonganisha spana, kuguna na kulaani nati ambazo sikuzigusa. Bibi alikaa juu ya kreti akimenya viazi, hakuinua macho.

Maurits alitangulia. Juu ya ile ya kwanza alikunja pua. Hii ni ya Odiel, akasema, inalia kama kitanda cha hoteli ya bei rahisi. Juu ya ya pili akashusha pumzi kwa raha: nguvu yote inakwenda kwenye gurudumu, hata tone halimwagiki, hii ndiyo yangu.

Babu alimfuata kila mara. Ya kwanza aliitambua kabla hajazungusha pedeli mara tatu. "Mende huyu. Ni kama kukalia jokofu."

Juu ya ya pili hakuwa na haraka. Dakika tano zikapita, akaendelea, sikuthubutu kumkatiza. Aliinamisha kichwa, akaupapasa usukani kwa kidole gumba.

"Hii ni yangu," akasema taratibu. "Hii naijua."

Hapo nilishikwa na kitu ambacho kwa mtu mwingine ningekiita aibu.

Lakini Maurits alikuwa amesikia. Akainuka na kitambaa chake machoni, akisema haiwezekani, ya pili ni yake. Babu akasema labda mende amemla ubongo. Wakaishika wote wawili, mmoja usukani, mwingine kiti, kila mmoja akivuta upande wake. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzito kuhusu urafiki. Niliiacha, nikawafungua vitambaa.

Wakaitazama haradali. Wakatazama nembo ya shule yangu iliyobandikwa juu yake.

"Alumini," akasema Maurits.

"Nimeiambia alumini kwamba naijua," akasema Babu.

Bibi aliendelea kumenya kiazi kilichokwisha kumenywa. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Wazee wakatazamana, kwa mara ya kwanza tangu Machi, kwa muda mrefu. Kisha wakageuka wote pamoja, wakanitazama mimi.

"Maurits," Babu akasema, "mtoto huyu lazima aadhibiwe."

"Vikali. Lakini si kwa pupa, Odiel. Kesi ya namna hii inahitaji kujadiliwa."

"Mpaka Kwakkelberg na kurudi."

"Mara mbili, ikibidi."

Waliondoka wakibishana kama adhabu ianze leo au kesho. Nyama ya mchana, iliyopikwa kwa bia, ilipoa, tukaipasha, ikapoa tena. Walirudi saa nane, wamelowa matope, Babu akiwa juu ya mende na Maurits juu ya fremu kuukuu. Hatukuwauliza. Maurits alisema tu, akivitazama viazi vyake sahanini, kwamba alikuwa amesahau jinsi kile kitu kilivyo chepesi. Babu alikiri kwamba kwenye mawe meno yake yalibaki mahali pake, ingawa rangi ile, alisema, ni dhambi.

Kisha wakanisomea hukumu. Nitaosha baiskeli zote mbili kila Jumapili watakaporudi pamoja, mnyororo kwa mswaki, hadi mwisho wa Oktoba. Maurits alipendekeza na mwaka ujao pia, kwa kuwa kosa ni kubwa. Babu aliafiki.

Niliipokea kwa uso wa huzuni, kama inavyopasa.