Friji Iliyojibu Salama

Naanza kwa jina la Mola asiyelala wala kusinzia, ambaye kwa huruma yake ametujaalia sisi waja wake kulala, na wengine wetu kukoroma. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu, jamaa zake na masahaba zake. Baada ya hayo:

Usiku wa jana niliota, na kabla sijaieleza ndoto nawapanga watu mahali pao, ili msomaji asije akamsalimia asiyemjua.

Wa kwanza ni Bi Mwantumu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa Tanga, mjane na mgonjwa wa sukari. Dawa yake ya kujichoma hukaa ndani ya friji. Ikipata joto huharibika, na kujichoma iliyoharibika ni sawa na kujichoma maji. Wa pili ni hiyo friji yake, nyeupe, ya makamo, yenye heshima zake. Bi Mwantumu huweka humo ndimu alizozichomeka karafuu, ziondoe harufu ya samaki. Wa tatu ni mke wangu Kibibi. Wa mwisho ni mimi, Shaweji bin Mbwana, fundi wa friji, pasi na mashine za kufulia, na muadhini wa zamu ya adhuhuri. Nyumbani kwangu nayo ipo friji. Ilikufa zamani, naweka humo vitabu vya tenzi, kwa kuwa mende hawaingii.

Mchana wa kuamkia ndoto, Bi Mwantumu aliniita. Nikaivuta friji yake kutoka ukutani, nikainama kuitazama nyuma. Ikanguruma vizuri kabisa.

"Hii nzima, Bi Mwantumu."

"Kila siku nzima! Ukishatoka tu, inazima, maji yanachuruzika mpaka barazani."

"Basi labda inaniogopa."

"Ikuogope wewe, Shaweji? Hata paka wangu hakuogopi."

Nikairudisha ukutani, nikaaga. Nilipokuwa mlangoni navaa viatu, akasema kwa sauti ndogo, "Na kichupa cha dawa kimebaki hicho kimoja." Nikamwambia Mungu mkubwa, nikaenda zangu.

Basi naota nipo karakanani, na simu inalia. Pasi ya mkaa ya marehemu bibi yangu inaipokea na kujibu, "Hayupo, yupo hapa." Kisha inanigeukia. "Unaitwa kwa Bi Mwantumu. Vaa kofia."

Navaa kofia. Nafungua mlango wa karakana, na nje yake ni jiko la Bi Mwantumu, isipokuwa limepanuka hata ukuta wa mbali hauonekani. Vyombo vyote nilivyowahi kuvitengeneza vimeketi mkekani kwa mpangilio wa umri: pasi mbele, feni katikati, mashine za kufulia nyuma, zikizungusha matumbo yao kwa adabu. Friji ya Bi Mwantumu imeegemea ukuta, mlango umefumbwa.

"Hodi," nasema.

"Karibu," inajibu blenda. "Lakini kabla ya kufungua chombo chochote, kanuni ni ipi?"

"Kuchomoa umeme," nikajibu, maana kanuni hiyo nimewafundisha watu maisha yangu yote.

"Mchomoeni," ikaamuru pasi.

Feni ikanipekua pindo la kanzu, ikapata waya. Sikuwa na habari kwamba nina waya. Ikaufuata kwa macho mpaka dirishani.

"Umechomekwa msikitini," ikatangaza.

"Afadhali," ikasema pasi.

Nikachomolewa. Miguu ikalegea, nikalazwa mezani. Ulimi tu ndio uliobaki na chaji. Bisibisi yangu mwenyewe ikanifungua kifua bila kuniangalia usoni, ikaziweka skurubu zangu kwenye kisosi.

"Mna nini humo?" ikauliza pasi.

"Vumbi," ikajibu bisibisi. "Na beti kadhaa ambazo vina vyake vimelegea."

Jambo hilo liliniuma kuliko kufunguliwa. Ikaja mita yangu ya kupimia umeme, ikaweka ncha moja ulimini na nyingine kwenye kidole gumba cha mguu.

"U hali gani, Fundi Shaweji?"

"Salama, alhamdulillahi."

"Mzima," ikasema mita. "Mfungeni."

"Ngojeni! Nina goti! La kulia! Nikisujudu linalia kama bawaba!"

"Umeulizwa, umejibu salama."

"Lakini ile ni salamu! Kila mtu hujibu salama kwanza! Mtu hawezi kuulizwa hali yake mlangoni, papo hapo akatoa goti!"

Mashine za kufulia zikasimama na povu lao. Pasi ikavuta pumzi, majivu yakaruka.

"Rudia, taratibu, na wa nyuma wasikie."

Nikarudia taratibu. Nilipofika katikati, sauti yangu ikaanza kupungua yenyewe.

"Aletwe shahidi," ikasema pasi.

Akaingia shahidi akichechemea, naye ni friji yangu ya nyumbani, kifua kimejaa vitabu.

"Unamjua fundi huyu?"

"Fundi?" ikauliza. "Mimi namjua kama mkutubi."

"Aliwahi kukuuliza hali?"

"Mara moja. Nikasema salama, akafunga mkoba. Tangu siku hiyo nabeba tenzi. Ni nzuri, silaumu, ila hazihitaji baridi."

Kutoka ndani ya friji ya Bi Mwantumu ikasikika sauti nyembamba ya kichupa cha dawa. "Enyi wazee, malizeni kesi. Huku ndani kumeanza joto."

"Mchomekeni," ikasema pasi, "tuone."

Nikachomekwa. Nikainuka, na badala ya mkoba nikatwaa kigoda, nikaketi mbele ya friji ya Bi Mwantumu kama mtu aliyekuja kumjulia hali shangazi yake.

"Asalaam alaykum."

"Waalaykum salaam, fundi."

"Habari za asubuhi?"

"Njema."

"Za mchana?"

"Njema."

"Barafu hawajambo?"

"Hawajambo, wanakusalimu."

Siku zote hapo ndipo ninapoaga. Sikuaga. Paa la jiko likaondoka, na mimi na friji tukawa tumeketi benchi moja katika stesheni ya reli. Treni ikapita imejaa ndimu. Sikuuliza inakwenda wapi. Friji ikatazama reli, nami nikatazama reli. Kichupa kikakohoa.

"Salama tu, fundi," ikasema hatimaye. "Lakini..."

Nikanyamaza. Naapa kwamba katika kazi yangu yote sijapata kushika chombo kizito kama kunyamaza kule.

"Lakini kuna waya hapa nyuma, kwenye mota. Mkinirudisha ukutani, ukuta unaubana, waya unaachia, nami nazima. Wewe kila ukija, jambo la kwanza unanivuta. Waya unanyooka, napata pumzi. Kwa hiyo kila unaponitazama, mimi mzima."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilalamike mbele ya mgeni? Bi Mwantumu hakunilea hivyo."

Nikainuka kuaga. Friji ikaona haya kuniachia nitoke mikono mitupu; ikafungua mlango wake, ikanitilia kiganjani ndimu moja. Ilikuwa baridi mno, nikapiga kelele.

"Una nini, mume wangu?" akauliza Kibibi. Adhana ya alfajiri ilikuwa inamalizika. "Hujambo?"

"Sijambo," nikasema. Kisha nikasema, "Lakini goti linaniuma, Kibibi. Muda mrefu sasa."

Akaniangalia kama aliyeelezwa kwamba mume wake ana pacha. Halafu akaangalia mkono wangu. "Na hiyo?"

Nikafumbua kiganja. Ndimu, ina umande, imechomekwa karafuu.

"Nyumba hii haina ndimu," akasema Kibibi pole pole, "wala haina baridi."

Hapo sauti ya Bi Mwantumu ikavuka ukuta. "Shaweji! Ukishamaliza kuswali uje! Imezima tena! Kichupa nimekifunga kitambaa cha maji, sijui kitastahimili! Na ndimu yangu moja siioni!"

"Usiivute friji!" nikamjibu. "Usiiguse kabisa, iache pale pale ilipo! Nakuja!"

Nikaswali, nikaenda na kigoda. Nikachomoa umeme, nikapitisha mkono nyuma ya friji bila kuisogeza, nao waya ukanipokea mahali pale pale nilipoelezwa; nikaukaza, nikachomeka, friji ikanguruma. Kichupa kilikuwa bado kina ubaridi. Ndimu nikairudisha mahali pake, Bi Mwantumu akanitazama kwa jicho la pembeni, nami sikujitetea.

Namwomba Mola amjaalie Bi Mwantumu afya na umri, aidumishe friji yake katika adabu na katika kazi, na ampe mapumziko mema shahidi wangu anayebeba tenzi. Na waliobaki, wote ambao leo wataulizwa hali zao mlangoni na watajibu salama, Mola awape mtu asiye na haraka ya kuvaa viatu. Amin.