Bado Hatujafungua

Mzee Shomari, bosi wangu, ana sijda nyeusi kwenye paji la uso na ulimi wa kukemea. Akiiona rozari yangu inachungulia kwenye blauzi hucheka: "Leticia, shanga zitakusaidia nini?" Namvumilia, maana mshahara anatoa yeye. Lakini siku ile alinitia kinyaa, mpaka leo chai akininunulia siinywi.

Duka letu la vitambaa liko Kariakoo. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeshapandisha mlango, nimewasha taa, nimefagia. Akaingia mwanaume mmoja, mikono mitupu, macho mekundu. Akatoa salamu, akasema anataka bafta.

"Ya nini, kaka?" nikauliza, kama ninavyomuuliza kila mteja ili nimkatie ya kutosha.

"Ya sanda. Mwanangu. Wa miaka minne."

Jora la bafta lilikuwa nyuma yangu. Nikageuka kulishusha, Mzee Shomari, aliyesimama nami kaunta, akakohoa.

"Bado hatujafungua, ndugu yangu. Pole sana. Subiri kidogo."

Mlango wazi, taa zinawaka, watu wawili tumesimama kaunta! Lakini kila mfanyabiashara wa Kariakoo anajua kufungua ni nini: ni mauzo ya kwanza. Yakiwa mabaya, siku nzima imekwisha. Na hakuna mauzo mabaya kama sanda. Yule mwanaume akarudi nyuma kama aliyekanyaga mkeka wa watu kwa viatu, akaenda kusimama barazani.

"Mzee, maiti ya mtoto iko nyumbani," nikamnong'oneza bosi.

"Nimesema asubiri. Sijamfukuza."

"Basi niuzie mimi leso, nifungue."

"Mfanyakazi si mteja."

Nikatoka mbio kwa Goodluck, anayeuza soksi mbele ya duka letu. Nikambembeleza aingie anunue chochote, hela nitamrudishia.

"Dada, na mimi sijafungua," akasema. "Nikitoa hela kabla sijaingiza, si najiloga mwenyewe?"

Na huyu ndiye anayejiona wa kisasa, kila siku ananifundisha mambo ya dunia kwenye simu yake. Nikamwacha na soksi zake.

Mwishowe wakaja akina mama kutafuta sare za harusi. Walitaka rangi ya pichi. Wakakivuta kitambaa, wakakikunja, wakakipeleka barazani kukitazama juani, pembeni ya yule baba. Mmoja akamwambia asogee, anawazibia mwanga. Akasogea. Wakabishana kama ile ni pichi au ni pinki, wakabembeleza bei, wakacheka. Mimi nikakata kitambaa cha harusi kwa hasira. Walipolipa, Mzee Shomari akazigusisha noti kwenye paji lake la uso, palepale penye sijda.

Sauti yake ikawa asali. "Njoo, ndugu yangu, njoo!" Akaikata bafta kwa mkono wake, akaongeza na ya ziada, akakataa kupokea hela. "Hii sadaka yangu kwa mtoto."

Yule mwanaume akashukuru, akatoka. Nikashindwa kujizuia.

"Mzee, kama ni sadaka, mbona hukumpa alipoingia?"

"Nitoe bure kabla sijaingiza kitu? Wewe binti, una akili kweli?"

Aliniuliza kwa mshangao wa kweli, na hapo ndipo aliponitia kinyaa kabisa. Afadhali angekuwa anajifanya. Alikuwa anaamini, na ametulia, na anajiona mwema.

Nikatoka kumkimbilia yule baba. Nikamkuta anataka kuvuka barabara.

"Kaka, tusamehe. Nimeona aibu mimi."

"Aibu ya nini, dada?" Alinitazama kama hanielewi. "Mimi nauza viatu Magomeni. Angekuja mtu na shida kama hii asubuhi, na mimi ningemwambia asubiri." Akaikumbatia bafta kifuani. "Kosa ni langu. Niliona taa, nikadhani mmeshafungua. Ningejua nisingeingia. Mwanangu hajawahi kumkosea mtu. Sitaki leo aanze kuwa mkosi."

Akavuka. Hasira niliyokuwa nayo sikujua tena nimtupie nani. Nikatema mate chini, katikati ya watu, nikarudi kuuza vitambaa.