Fundi Aliyewasifia Wenzake

Binti yao Britta aliwaeleza kwa simu kutoka Fargo, tena polepole, kama anayewafundisha watoto kuvuka barabara: Mama asimame mbele ya duka, aitazame simu, aseme yeye ndiye fundi makochi bora wilaya nzima. Basi, hakuna kingine. Orrin Haugstad akaishika simu kwa mikono miwili, na mkewe Marlys akasimama kwenye theluji na aproni yake.

"Mimi ni Marlys," alisema. "Nashona viti. Si vibaya sana."

Orrin akaishusha simu. "Sasa mke wangu, hilo ndilo tangazo?"

"Na hapo nimezidisha."

Kweli alikuwa amezidisha. Fergus Falls, mji wao mdogo wa Minnesota, si mji wa kujisifu. Ukijisifu kwenye kahawa ya baada ya ibada, wenzako watainamia vikombe vyao mpaka uone haya uende zako. Wanawake wa pale hukupakulia chakula kitamu ajabu huku wakikuomba radhi kwamba kimeungua. Marlys alilelewa hivyo, na sasa adabu hiyo ilikuwa inamfilisi. Watu waliagiza makochi mapya na kuyatupa ya bibi zao, bila kujua kwamba mtaa wa pili yupo mtu wa kuyafufua. Theluji ikiyeyuka kabla kazi haijapatikana, wangerudisha funguo za duka, naye angekwenda kukatakata bata mzinga kiwandani, kwa vidole ambavyo Orrin hajawahi kuchoka kuvitazama vikishika sindano.

Kilichofuata hakikupangwa. Siku moja Orrin alikuwa anarekodi huku Marlys akikivua kitambaa kiti kikuukuu cha daktari wa meno, na Marlys akasahau kabisa kama anarekodiwa. Akaanza kumzungumzia fundi aliyekishona kabla yake, mtu asiyemjua, bila shaka marehemu wa zamani.

"Tazama mafundo haya," alisema. "Huyu bwana alitumia mkono wa kushoto. Hapa mbele alikuwa na haraka, labda mteja kamsimamia. Lakini huku nyuma, ambako hakuna atakayeona, katulia kweli. Ubarikiwe, bwana, popote ulipo."

Orrin aliirusha video ile mtandaoni bila kumuuliza mtu. Watu wakaipenda, wakataka nyingine. Kuanzia hapo kila wiki Marlys alifungua kiti na kumsifia aliyekishona, na mwanamke ambaye hawezi kutamka neno jema juu yake mwenyewe akawa msemaji hodari ajabu. Walimtazama mpaka Brazili na Korea, wakamtumia mioyo na machozi. Tatizo ni kwamba mtu wa Brazili haleti kochi Minnesota.

Britta alipiga simu amekasirika. Mama anawatangazia biashara marehemu, alisema. Mwezi Machi mwenye jengo akaja na mgeni, wakapima kuta bila kuwatazama usoni. Kiwanda nacho kikapiga simu: Marlys aanze Jumatatu.

Ijumaa ndipo Britta alipowaambia habari za Leland Koski. Huyu alikuwa fundi makochi wa Duluth, mwenye wafuasi wengi kuliko watu wa wilaya yao yote, na kazi yake mtandaoni ilikuwa kuvua viti na kuwachamba waliovishona kabla yake. Aliwachamba kweli, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Sasa mama mmoja aliyehamia Duluth kampelekea kochi, akamwambia limeshonwa na Marlys Haugstad wa Fergus Falls.

Marlys aliketi, akaficha mikono chini ya aproni. "Iweke tu hiyo video yake," alisema. "Kama ni aibu, bora niione leo."

Koski alianza kwa mbwembwe zake. Akavua kitambaa, akainama, akagusa springi moja baada ya nyingine. Halafu akalipindua kochi, akachungulia mishono ya chini.

"Nimetafuta cha kucheka," akasema hatimaye, "sijakipata. Huyu mama kashona mpaka huku chini kana kwamba Mungu mwenyewe angekuja kulipindua akague. Nyie mlio upande ule wa jimbo, msiniletee mimi makochi yenu. Mpelekeeni yeye."

Orrin alilia, wala hakujificha.

"Kona ya kushoto imelegea," Marlys alisema.

"Marlys."

"Imelegea kidogo, Orrin. Ningeirudia." Lakini mikono alikwisha kuitoa chini ya aproni.

Jumatatu hakwenda kiwandani. Kabla hawajafungua, magari matatu yalikuwa yameegeshwa nje, viti vimefunikwa turubai, na wenyewe wamesimama kando wakijifanya wamepita tu, maana ndiyo adabu ya pale. Simu iliita mpaka kahawa ya Orrin ikapoa. Britta naye akapiga kudai video mpya, leo hii, kabla watu hawajasahau.

Basi Marlys akatoka na aproni yake, akasimama palepale, theluji sasa imeanza kuwa matope, wateja wote wanamtazama. Orrin akainua simu.

"Mimi ni Marlys," alisema. "Nashona viti."

Akatazama viatu vyake, kisha akamtazama mumewe. Orrin akaendelea kurekodi.

"Navishona vizuri," akasema, akageuka haraka kuingia ndani, masikio yamemwiva kwa haya.

Orrin hakumwomba arudie.