Injini Iliyonukia Vitunguu

Jumamosi ambayo Yunisi Msengi alitarajiwa kuwasha injini ya roketi mbele ya wananchi wa Iguguno, mbwa walifika kabla ya wageni waalikwa.

Walikuwa watatu, wa ukoo usiojulikana, nao walikaa kwa adabu pembeni ya shamba la alizeti lililokwisha kuvunwa, wakiitazama injini kama waumini wanaosubiri sahani ya pilau ipite. Yunisi aliwafukuza kwa bua. Wakarudi. Akawarushia kiatu. Wakarudi, na mmoja wao akiwa na kiatu.

Siku nyingine angecheka. Siku hiyo hakuweza. Aliogopa upepo wa Singida, ambao haujawahi kumheshimu mtu. Aliogopa mtandao, ambao katika shamba lile ulipatikana ukisimama juu ya kichuguu tu, ukielekea Mkiwa. Zaidi ya yote alimwogopa Mhandisi Amne.

Mhandisi Amne alizaliwa Ikungi, na sasa alikuwa anaunda injini za roketi katika kampuni moja ya ng'ambo. Kampuni hiyo ilikuwa na nafasi moja tu ya mafunzo kazini kwa kijana kutoka nyumbani. Waliobaki kwenye mchujo walikuwa wawili. Mmoja, kijana wa Dodoma, aliwasha injini yake jana yake na ikawaka vizuri mno. Wa pili alikuwa Yunisi, na zamu yake ilikuwa leo, saa nne, kwa njia ya simu ya picha. Jioni mchujo unafungwa.

Alikuwa ameitafuta nafasi hiyo kwa njia ndefu. Chuoni, wenzake waliosomea uhandisi wa mitambo walichagua magari, mashine za kukamua alizeti na viyoyozi. Yeye akachagua moto. Alipomaliza, ndugu waliuliza amesomea nini hasa, akajibu, "Injini," na kesho yake wakamletea pikipiki mbovu. Akaitengeneza, kwa sababu hakulelewa vibaya. Usiku wa umeme na usiku wa betri alikaa kwenye kompyuta akifanya simulesheni, yaani kuichoma injini ndani ya hesabu kabla ya kuichoma duniani, ambako vitu vikipasuka huwa vinapasuka kweli.

Injini yenyewe ilikuwa bomba nene la chuma, urefu wa mkono, lililolazwa na kufungwa kwa vyuma juu ya kitako cha zege. Isingepaa kwenda popote. Ingenguruma palepale ilipofungwa, na vipimo vingesema ina nguvu kiasi gani. Ndani ilijazwa nta ya nyuki. Kwa nyuma iliingia oksijeni kutoka kwenye mtungi wa Idrissa, fundi anayechomelea mageti kule Unyambwa, ambaye ndiye aliyejenga kitako. Ikiwashwa, nta inaungua, gesi inatoka kwa kasi kwenye mdomo mwembamba wa mbele, na presha ndani ya bomba inapanda hadi pale kompyuta iliposema. Ikipanda zaidi, bomba linakuwa bomu. Hilo Yunisi hakulitaja kwenye mwaliko.

"Mhandisi," Idrissa aliita, akiwa ameinama mdomoni mwa injini, "nikuambie kitu usinichukie?"

"Sema."

"Injini yako inanukia chakula."

"Idrissa, leo sio siku ya utani."

"Njoo unuse. Mimi nimeamka bila chai, najua ninachokisema."

Yunisi akainama, akanusa. Palikuwa na harufu ya nta, ile tamu nzito ya mzinga. Nyuma yake kulikuwa na harufu nyingine, ya kirafiki, ambayo alikuwa ameifahamu maisha yake yote. Vitunguu. Vitunguu vilivyokaangwa kwenye mafuta ya ng'ombe.

Akawatazama mbwa. Mbwa wakamtazama, kama watu waliokuwa wanasubiri aelewe.

Nta ile alipewa na shangazi yake, Editha, dada mkubwa wa baba yake, mwenye mizinga porini. Kipande cha kwanza Yunisi alikinunua sokoni, akakipima kila namna: kinayeyuka kwenye joto gani, kinaungua kwa kasi gani. Hesabu zake zote zilisimama juu ya kipande hicho. Halafu alihitaji nta nyingi ya kujaza bomba, akampelekea shangazi ndoo, na baada ya wiki ndoo ikarudi imejaa mpaka ukingoni, imeyeyushwa, imechujwa, imefunikwa kwa kitambaa cha maua. Hiyo hakuipima. Utapimaje zawadi ya shangazi? Ni sawa na kumhesabia vipande vya nyama alivyokupakulia. Akaimimina ndani ya bomba kwenye karakana ya Idrissa, mahali ambapo kila kitu kinanuka grisi na hakuna pua inayofanya kazi.

Shangazi Editha alikuwa chini ya turubai akimenya viazi na akina mama wengine. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Melkizedeki, alikuwa ameamuru mbuzi wachinjwe, maana kijiji hakijawahi kuwasha roketi na hakikutaka kuonekana kimezoea umaskini. Yunisi akapiga magoti pembeni ya sufuria.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona umepauka hivyo? Umekula?"

"Nimekula." Hakuwa amekula. "Shangazi, ile nta ilikuwa nzuri sana."

"Ya nyuki wangu. Itakosaje kuwa nzuri?"

Kumwuliza mtu mzima mbele ya wenzake kama amechanganya kitu haiwezekani. Ni heri umtukane tu ujue moja. Yunisi akazunguka.

"Nikitaka ndoo nyingine kama ile, imejaa vilevile, nyuki watatosha?"

"Mwaka huu?" Shangazi akacheka. "Nyuki gani, mwanangu, na ukame wote huu! Mizinga mitupu. Hata hiyo ya kwako nilikamua mpaka..."

Kisu kikasimama kwenye kiazi. Akawatazama akina mama, akainuka, akamshika Yunisi mkono hadi nyuma ya turubai. Huko akabadili lugha, akanong'ona kwa Kinyiramba, "Nani kakwambia?"

"Mbwa."

"Mbwa!"

"Shangazi, sina ugomvi. Nataka kujua tu. Uliongeza nini?"

"Sasa ulitaka nifanyeje? Nta haikufika hata katikati. Nimrudishie mtoto wa kaka yangu ndoo nusu, watu waseme Editha amekuwa mchoyo? Palikuwa na mafuta ya yule ng'ombe tuliyemchinja harusini. Masafi kabisa. Nilikaangia mara moja tu."

"Kiasi gani?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani, shangazi?"

"Kidogo cha kujaza ndoo."

"Nta iliishia wapi? Hapa? Hapa?" Yunisi alikuwa anaonyesha kwenye ndoo ya hewani.

"Nilikuwa napima mimi? Nilikuwa najaza."

Yunisi alikimbilia kompyuta, akaiweka juu ya magunia ya mchanga, akaanza kuchoma upya ndani ya hesabu. Mafuta ya ng'ombe huyeyuka mapema kuliko nta. Yakizidi, ukuta wa ndani ya injini utalegea, utaporomoka vipande, na kipande kikifika kwenye mdomo mwembamba kitauziba kama kiazi kwenye koo. Akaandika sehemu moja ya mafuta kati ya kumi. Mstari wa presha ukapanda kwa heshima, ukatulia. Akaandika mbili. Ukatulia, ingawa kwa kusitasita. Akaandika tatu. Mstari ukapanda, ukaupita mstari mwekundu, ukatoka juu ya kioo na haukurudi kuaga.

Kidogo cha kujaza ndoo. Hiyo ni mbili au ni tatu?

"Tuwasogeze watu nyuma," Idrissa alisema. Hakuwa anatania tena.

"Mpaka wapi? Kamba ya kuzuia watu niliipima kwa injini ninayoijua. Hii siijui." Akanyoosha kidole. "Na angalia Mwenyekiti anachofanya."

Mzee Melkizedeki alikuwa anahamishia viti vya wageni waalikwa ndani ya kamba, kwa maelezo kwamba kiongozi hawezi kuketi mbali na maendeleo. Nyuma ya viti, watoto wa shule ya msingi walikuwa wamekwisha kukaa chini, safu baada ya safu. Simu ikaita.

Yunisi akapanda kichuguuni. Uso wa Mhandisi Amne ulijitokeza vipandevipande, kisha ukatulia.

"Habari za huko, Yunisi? Naona upepo unakuchapa."

"Nzuri, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Uko tayari? Nina wenzangu wawili hapa, wanaangalia."

Chini, kipaza sauti kilikohoa. "Ndugu wananchi," Mwenyekiti alisema, "leo Iguguno inaingia kwenye anga za juu!" Vigelegele vikapigwa. Swichi ilikuwa mkononi mwa Yunisi, kisanduku kidogo chenye waya mrefu. Kompyuta ilisema mara mbili kwamba itawaka salama na mara moja tu kwamba haitawaka salama. Mtu mwenye bahati angebonyeza. Kijana wa Dodoma alibonyeza. Jioni mchujo unafungwa, na kwenye harusi ijayo shangazi mwingine angeanza tena kumwuliza kama anajua kutengeneza jenereta.

Akamwona mtoto mmoja wa safu ya mbele, amekaa na vidole masikioni tayari, macho yamefumbwa, anasubiri kwa imani yote.

"Dada Amne," alisema, na sauti ikatoka nyembamba, "siwashi."

"Nini? Sikusikia."

"Siwashi injini. Nta niliyoijaza sikuipima. Imechanganyika na kitu, na sijui kwa kiasi gani."

Yunisi akashuka kichuguuni kumfuata Idrissa, picha ikakatika, akapanda tena, ikarudi. Akampungia Idrissa mikono yote miwili, na Idrissa akamnyang'anya Mwenyekiti kipaza sauti, jambo ambalo halijafanywa na mtu yeyote tangu kijiji kianzishwe.

"Jamani, haiwashwi! Watoto wasogee nyuma! Hatari!"

Zikafuata sekunde chache za mshangao, halafu vijana wa bodaboda wakapata sauti. "Roketi imeota matende!" "Turudishieni mbuzi wetu!" "Dada, ndivyo ulivyoitengeneza na pikipiki yangu, ndiyo maana inazimikazimika!"

"Binti," Mwenyekiti alisema, machozi yakimlengalenga, "tumeshachinja."

"Nisamehe, mzee. Kosa ni langu. Nilipaswa kupima."

Na hapo, katikati ya akina mama, Shangazi Editha akasimama, akafunga kanga vizuri kiunoni, akasema kwa sauti iliyofika barabarani: "Hata mimi nimemwambia tangu asubuhi! Nikasema, mwanangu, vitu vya watu vinapimwa! Vijana wa siku hizi hawasikii!"

Yunisi alipandwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na kicheko kilichokuwa kinatafuta njia.

"Yunisi," simu ilisema. "Ingelipuka?"

"Sijui."

"Kompyuta inasemaje?"

"Nikitia kidogo inasema twende. Nikizidisha kidogo inasema kimbia."

"Kwa hiyo pengine ingewaka vizuri tu."

"Pengine."

"Na hutajua kamwe."

"Hapana. Nta yote nimeimimina humo, na aliyeichanganya hakupima."

"Nani huyo?"

Yunisi akamtazama shangazi yake, aliyekuwa bado anawaeleza majirani kuhusu vijana wa siku hizi. "Ni mimi niliyeijaza," alisema.

Mhandisi Amne akageuka kuzungumza na mtu ambaye hakuonekana. Sauti ya mwanaume ilisikika, ya kuchoshwa. Kisha akarudi. "Sawa. Sasa hiyo injini imejaa, ina waya wa kuwashia na ina oksijeni. Utaiacha hapo mbwa wacheze nayo?"

"Hapana."

"Basi ifungue. Niwekee simu mahali nione."

Idrissa akasimama kichuguuni ameshika simu juu kama mtu anayeunyoshea mwezi mkono. Yunisi akaenda peke yake. Aliogopa kuliko alivyoogopa swichi. Akafunga mtungi kwanza, akafungua valvu ya kutolea gesi, akasikia ikivuma hadi ikaisha, akasubiri, akasubiri tena. Akachomoa waya kwenye swichi, akaunganisha ncha zake mbili ili cheche isije ikatokea kwa bahati mbaya, ndipo akasogea ubavuni mwa injini, kamwe si mbele ya mdomo. Akalegeza nati moja moja kwa spana. Waya wa kuwashia ulipotoka, mrefu na mwembamba na wenye harufu ya vitunguu, akautembeza mbali na kuulaza peke yake juu ya mchanga.

Aliporudi, watu wengi walikuwa wamekwishahamia kwenye pilau. Idrissa akamkabidhi simu.

"Yule mwenzako wa jana," Mhandisi Amne alisema, "injini yake iliwaka vizuri kuliko hesabu zake. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, 'Mungu ni mwema.'" Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Nitapeleka jina lako. Nisikudanganye, tunaoamua tuko watatu, na mmoja wetu hapa hapendi injini zisizowaka."

"Na wa tatu?"

"Wa tatu ameniomba nikuulize kwa nini ulisubiri mara mbili baada ya kutoa gesi."

"Kwa sababu..." Yunisi akaanza, na picha ikaganda.

Akapanda juu kabisa ya kichuguu, akainua simu upande wa Mkiwa, upande wa Singida, upande wa mbinguni. Ikarudi. Uso wa Mhandisi Amne ulikuwa palepale, unasubiri, na pembeni yake sasa palionekana bega la mtu mwingine aliyesogea karibu ili asikie.

Yunisi akavuta pumzi, akaanza kueleza.