Treni Iliyokatika Ukutani

Watoto walimwita Mwalimu Gundi, kwa sababu hakuna siku aliyorudi nyumbani bila gundi kukaukia vidoleni. Alifundisha watoto wa miaka mitano katika shule ndogo ya vyumba vinne, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kupamba kuta. Trei za mayai kwake zilikuwa migongo ya mamba, vifuniko vya soda vilikuwa magurudumu, na ole wako utupe kisanduku cha dawa ya meno mbele ya macho yake.

Wiki ya kwanza ya muhula, mkuu wa shule alimwita darasani kabla watoto hawajafika. Mkuu alikuwa mama wa makamo, mjane, aliyeigeuza nyumba yake kuwa shule baada ya mumewe kufariki. Alisimama mbele ya ukuta wa nyuma akaonyesha kwa kidevu. Ufa mwembamba kama uzi ulikuwa umeshuka kutoka kona ya dari hadi karibu na sakafu.

"Ni plasta tu," alisema. "Hawa majirani wanaochimba msingi wa ghorofa wanatutikisa. Ijumaa ya wiki ijayo wazazi wanakuja kuona kazi za watoto, sitaki walione hili. Wewe una mkono mzuri, mwanangu. Niwekee kitu kikubwa hapo."

"Na fundi?"

"Fundi atakuja. Tuvuke kwanza siku ya wazazi."

Mwalimu Gundi hakubisha. Kusema kweli, mkuu alipokuwa bado anaongea yeye alishaiona treni kichwani.

Walifunika ukuta mzima kwa karatasi za manila za buluu. Reli waliitengeneza kwa vijiti vya aiskrimu. Kila mtoto alipewa behewa lake alipake rangi, akate dirisha, na dirishani achore uso wake mwenyewe. Mabehewa yalikuwa ishirini na matatu, yameungwa kwa vipande vya karatasi nyekundu, na mbele kabisa injini yenye moshi wa pamba. Wazazi walioleta watoto asubuhi walisimama mlangoni midomo wazi.

Jumatatu ya wiki ya pili treni ilikatika. Kipande chekundu kati ya behewa la tisa na la kumi kilikuwa kimechanika, na karatasi ya buluu nyuma yake imepasuka kutoka juu kuja chini kana kwamba mtu ameipitishia mkasi.

Darasani kulikuwa na msichana mmoja ambaye hata mama yake alimwita Mkasi. Kila kilichomkaribia alikikata: pembe za madaftari, riboni, na mara moja nywele za rafiki yake. Vidole ishirini na viwili vilimwelekea yeye.

"Sijakata mimi," alisema.

"Nani amekata basi?"

Mtoto aliutazama ukuta. "Huo."

Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu naye alicheka, kisha akakasirika alipoona mtoto hageuzi neno. Alimnyang'anya mkasi, akakichukua kiti chake kidogo akakiweka nyuma kabisa, peke yake, kimeegemea treni. "Utakaa hapo mpaka useme kweli."

Mchana akaunga karatasi kwa gundi nzito. Jumanne asubuhi ilikuwa imechanika tena, palepale. Mikasi yote ilikuwa kabatini, imefungiwa, na ufunguo alikuwa nao yeye. Alijiambia ni unyevu, akabandika kipande kipya.

"Mwalimu," Mkasi aliita kutoka nyuma wakati wenzake wakiimba herufi. "Kuna kitu kinakwaruza huku."

"Nyamaza, umeshasema vya kutosha."

Jumatano alifika wa kwanza, akafungua mlango mwenyewe. Karatasi ilikuwa imechanika, na safari hii ncha mbili zilikuwa zimeachana upana wa kidole. Alisogeza sikio. Nyuma ya buluu mchanga ulikuwa unachururika, taratibu, ukinyamaza, ukianza tena. Alirudi nyuma hatua mbili akasimama na mkoba wake begani. Halafu watoto walianza kuingia, akaitikia salamu zao, akafundisha. Hadi leo hajui kwa nini alifundisha siku ile. Mkasi alikaa kwenye kiti chake cha nyuma, miguu ikining'inia.

Wakati wa mapumziko alimpigia simu kaka yake, ambaye ni fundi mwashi. Alimweleza kwa kuzungukazunguka, kama mtu anayetaka kuambiwa si kitu.

"Ngoja," kaka yake alimkatiza. "Umebandika karatasi juu ya ufa?"

"Ndiyo."

"Sisi tunafanya hivyo makusudi, tukitaka kujua ufa umelala au unatembea. Karatasi ikibaki nzima, umelala. Yako imechanika mara ngapi?"

"Tatu."

"Kwa muda gani?"

"Siku tatu."

"Dada, hao watoto wako wapi sasa hivi?"

"Nje, wanacheza."

"Wasirudi ndani."

Aliingia peke yake, akaibandua karatasi kwa kucha. Ule uzi wa wiki iliyopita haukuwa uzi tena. Alichukua kalamu ya rangi ya mtoto, akaisukuma kwenye ufa ili apime. Iliingia yote, ikamponyoka, akaisikia ikianguka mbali kwa ndani.

Alitoka akipiga makofi. "Leo tunaokota majani, tutayafanyia picha! Kila mtu majani kumi!" Sauti yake ilikuwa ya furaha mno, hata mwenyewe aliisikia.

Mkuu alimkuta uani na watoto saa nzima baadaye. Aliposikia habari ya kaka na karatasi, uso ulimbadilika. "Kesho kutwa wazazi wanakuja! Niwaambie darasa moja linasomea kwenye kamba za nguo? Wewe ndiye utakayenifungia shule?"

"Sirudi nao mle, mama. Nifukuze."

Mkuu hakumfukuza. Wala hakumwita fundi. Alifunga mlango wa darasa na kuondoka akisema mambo ya watu wasio na shukrani. Alhamisi mvua ilinyesha kutwa nzima, na ng'ambo ya ukuta shimo la jirani likajaa maji.

Ijumaa Mwalimu Gundi aliitundika treni aliyotoka nayo Jumatano kwenye kamba ya nguo kwa vibanio, kutoka mwembe wa kando ya uzio hadi tangi la maji. Wazazi walikaa uani. Mkuu aliwakaribisha macho makavu: "Leo tumeamua watoto wapate hewa." Waliimba wimbo wa kwanza. Katikati ya wa pili ardhi ilitetemeka chini ya viti, ukasikika mlio kama wa gari kubwa likimwaga kokoto, na ukuta wa nyuma ukalala ndani ya darasa pamoja na nusu ya paa.

Vumbi liliwafunika. Mwalimu Gundi alianza kuhesabu vichwa kwa mkono. Ishirini na wawili. Akahesabu tena. Ishirini na wawili.

"Mwanangu yuko wapi?" mama mmoja aliuliza, kwanza kwa sauti ya kawaida. Kisha akapiga yowe.

Baba wawili walishaanza kurusha matofali pembeni, Mkasi alipojitokeza nyuma ya tangi, mdomo wazi, mkononi ana majani aliyokuwa akiyakatakata. Mama yake alimkumbatia hadi mtoto akalalamika. Akiwa bado amemshika, alitazama ndani kupitia palipokuwa na dirisha. Viti vyote vilikuwa mbele, salama, vimepangwa. Kimoja tu kilikuwa nyuma, na kilichoonekana ni mguu wake mmoja.

"Nani alikuwa anakaa pale peke yake?"

"Mimi," alisema Mkasi. "Kwa sababu treni ilikatika."

Mama alimgeukia mwalimu.

Jumatatu wakaguzi walikuja, wakaamuru mapambo yote yabanduliwe kwenye vyumba vitatu vilivyobaki. Katika darasa la wadogo kabisa, walipobandua jua kubwa la manjano walikuta karatasi ya vipepeo. Chini ya vipepeo, tarakimu zilizopauka, kwa mwandiko wa mwalimu aliyeacha kazi miaka mingi nyuma bila kuaga. Chini ya tarakimu, ufa.

"Nani alibandika hizi?" mkaguzi aliuliza.

Mkuu aliangalia viatu vyake.

"Ile ya treni ni mimi," alisema Mwalimu Gundi. "Na ufa niliuona kabla sijabandika."

Waliandika maneno yake kama alivyoyasema. Shule ilifungwa, watoto wakatawanywa shule nyingine. Mwalimu Gundi alikwenda nyumbani kwa kina Mkasi kuomba radhi. Mama alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakumkaribisha, hakumtukana. Wakikutana sokoni siku hizi mtoto humpungia mkono kwa nguvu, akiruka, akiita jina lake. Mama humvuta, wakapita.